Mwongozo kamili wa kulinda alama yako ya biashara Tanzania, kabla na baada ya kuigwa

Bidhaa isiyouzika haiigwi. Mtu huanza kuiga lebo yako pale wateja wanapoanza kuitaja kwa jina wakifika dukani, kwa hiyo hasara inakuja wakati ule ule biashara inapoanza kukulipa. Mwongozo huu ni wa msindikaji wa unga au asali, mtengenezaji wa sabuni na mafuta ya ngozi, mshonaji mwenye lebo yake, mwenye mgahawa: mtu anayefanya biashara Tanzania bila kuwa na idara ya sheria nyuma yake. Kampuni kubwa zina mawakili wa kudumu. Hawa wengine hupoteza jina kwa sababu ya fomu ambayo haikujazwa, au ilijazwa kwa jina la mtu asiye sahihi, na inauma kwa sababu kazi yote ngumu walikuwa wameshaifanya.

Kwa mfano wa kubuni, tuseme una unga wa lishe unaoitwa Zumaridi. Unasagwa Morogoro, unauzwa Dar es Salaam, na umeanza kuulizwa mpaka Mbeya.

Tenganisha vyeti ulivyonavyo

Mfanyabiashara akisema "mimi nimeshasajili BRELA", yaani kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, mara nyingi ana cheti cha jina la biashara au cha kampuni. Vyeti hivyo vinaonyesha nani anafanya biashara. Haki ya kumzuia mtu mwingine asitumie jina lako kwenye bidhaa zake inatoka kwenye sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Ofisi ni ile ile ya BRELA, lakini daftari ni jingine, ombi ni jingine, na cheti ni kingine.

Alama ya ubora ya TBS inahusu viwango. Msimbomilia unaosomwa na mashine ya malipo dukani unatambulisha pakiti. Leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya biashara mahali fulani. Vyote hivyo unavihitaji, na hakuna hata kimoja kitakachokusaidia siku mtu akichapa Zumaridi yake. Chukua faili lako leo uangalie: kama hakuna karatasi inayotaja alama ya biashara na daraja lake, yaani kundi la bidhaa au huduma, jina lako bado halijasajiliwa kama alama.

Pima kama jina lenyewe linalindika

Msajili wa alama, aliyeko BRELA, hukataa maneno yanayoeleza bidhaa tu. "Unga Bora" au "Lishe Safi" ni maneno ambayo kila msaga unga anayahitaji, kwa hiyo hayawezi kuwa mali ya mmoja. Majina ya mahali nayo yana shida hiyo hiyo: ukiita mchele wako kwa jina la wilaya inayolima mchele, wakulima wote wa huko wana haki ya kulitaja. Jina lenye nguvu ni lile lisilo na uhusiano na kilichomo ndani ya pakiti. Zumaridi ni jiwe la thamani, halisemi lolote kuhusu unga, na ndiyo maana linafaa. Neno la kutunga kabisa lina nguvu zaidi.

Wafanyabiashara wengi hulipinga shauri hili, kwa sababu jina linaloeleza bidhaa huuza haraka mwanzoni. Ni kweli huuza. Lakini siku jirani akiita bidhaa yake "Unga Bora wa Mama", huna la kumfanya. Ukitaka neno la maelezo, liweke chini ya jina kama maelezo: "Zumaridi" kwa herufi kubwa, "unga wa lishe" kwa ndogo. Msajili anaweza kukutaka utamke wazi kwamba hudai umiliki wa maneno "unga wa lishe", nawe ukubali bila wasiwasi, maana nguvu yako iko kwenye Zumaridi.

Tafuta kabla hujachapa mfuko hata mmoja

Kwenye mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao wa BRELA, unaojulikana kama ORS, unaweza kutafuta alama zilizokwisha kuombwa au kusajiliwa. Usitafute tahajia yako pekee. Tafuta jinsi jina linavyosikika likisemwa: Zumaridi, Zamaradi, Zumalidi, Zumarid. Sheria haiulizi kama herufi zinafanana moja kwa moja. Inaangalia kama mnunuzi wa kawaida, asiye na pakiti mbili mbele yake za kulinganisha na anayekumbuka jina kwa juu juu, anaweza kuchanganya. Dukani watu huagiza kwa mdomo, na kwa wengi wetu "l" na "r" hubadilishana nafasi.

Baada ya hapo pita sokoni, Instagram, TikTok na maduka ya jumla. Alama isiyosajiliwa lakini inayotumika kwa muda mrefu inaweza kukuletea mgogoro, kwa hiyo ni heri uijue sasa kuliko ukiwa na mifuko elfu kumi iliyochapwa.

Sajili, na ujaze mambo matatu kwa uangalifu

Ombi hufanyika ORS, kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa kwa Mtanzania. Utapakia mchoro wa alama, utataja bidhaa au huduma, na utalipa ada zilizoonyeshwa kwenye mfumo. Unaweza kulifanya mwenyewe au kumtumia wakili. Sehemu tatu ndizo zinazoamua kama cheti kitakufaa baadaye.

Ya kwanza ni jina la mmiliki. Liwe la mtu au kampuni itakayoitumia alama kweli. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu alama ilisajiliwa kwa jina la mbia mmoja "kwa muda tu", kisha biashara ikakua. Kama mko wawili, fungueni kampuni kwanza, alama iwe ya kampuni, na hisa ndizo zigawanywe. Ukimtuma mtu akusajilie, hakikisha kwenye sehemu ya mwombaji limo jina lako, na yeye anabaki wakala.

Ya pili ni daraja. Tanzania hutumia mpangilio wa kimataifa wa Nice wenye madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unga, kahawa, chai na viungo viko daraja la 30. Mafuta ya kula, nyama na maziwa viko daraja la 29. Nafaka na matunda mabichi yako la 31, maji ya kunywa, juisi na bia la 32. Sabuni na vipodozi viko la 3, dawa la 5, nguo na viatu la 25, mgahawa la 43. Kila daraja lina ombi lake na ada yake. Ukisajili Zumaridi kwenye daraja la 30 tu, mtu anayetoa juisi ya Zumaridi atasema hajagusa daraja lako, na wewe utalazimika kubishana kwamba bidhaa hizo ni za aina inayokaribiana. Sajili unachouza sasa na unachokusudia kwa dhati kuuza karibuni. Kujaza madaraja usiyoyatumia ni kupoteza pesa, maana alama isiyotumika inaweza kufutwa, kama tutakavyoona.

Ya tatu ni umbo la alama. Watu hupakia lebo nzima yenye rangi, picha ya mtoto, jina, na namba ya simu. Kisha wakibadilisha muundo wa mfuko, cheti kinabaki na picha ambayo haipo tena sokoni. Kama bajeti yako ni ndogo, sajili neno peke yake kwa herufi za kawaida bila rangi, kwa sababu neno ndilo mteja analolitaja na ndilo mwigaji analolitaka. Ukiweza, nembo iombewe kando.

Msajili akiridhika, ombi hutangazwa kwenye jarida la alama, na watu wana siku 60 za kuleta pingamizi. Asipotokea mtu, unalipia na kupata cheti. Katika kipindi hiki cha kusubiri unaweza kuandika TM pembeni ya jina, kuonyesha kwamba unalidai. Alama ya ®, yenye maana ya "imesajiliwa", isubiri cheti. Kuiweka kabla ni kuwadanganya wanunuzi, na mpinzani atalitumia jambo hilo dhidi yako.

Funga milango ya ndani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanamwogopa mwigaji wa mbali na kumsahau mtu wanayekunywa naye chai.

Mchoraji wa nembo ni mtunzi wa kazi ya sanaa. Hata kama ulimlipa, risiti inayosema "logo, imelipwa" haitoshi kuonyesha kwamba hakimiliki imehamia kwako. Mwandikishe karatasi ya ukurasa mmoja: amechora nini, amelipwa kiasi gani, na kwamba haki zote za mchoro amezihamishia kwako. Asaini, aweke tarehe, akupe na mafaili ya asili yanayoweza kuhaririwa.

Mpiga chapa wa vifungashio ana pleti au mafaili ya mfuko wako. Pakiti bandia inayofanana na yako mpaka kwenye kivuli cha herufi huenda ilitoka kwenye mashine ile ile. Kwenye oda yako andika kwamba haruhusiwi kumchapia mtu mwingine muundo huo, kwamba mifuko iliyoharibika inahesabiwa na kurudishwa au kuteketezwa mbele yako, na kwamba oda hutoka kwa mtu fulani tu kwa namba fulani. Weka hesabu: mifuko iliyochapwa, iliyojazwa, iliyoharibika. Tofauti isiyoelezeka ni onyo la mapema kuliko lolote utakalolipata sokoni. Mifuko mitupu iliyotumika nayo huokotwa na kujazwa upya, hasa kwenye ndoo na chupa, kwa hiyo kifuniko kinachovunjika kikifunguliwa kina thamani kuliko maneno "jihadhari na bidhaa bandia".

Wakala wa mkoani au wa nchi jirani akupatie ahadi ya maandishi kwamba hatasajili jina lako kwa jina lake, wala kampuni yenye jina hilo, na kwamba mkataba ukiisha ataacha kulitumia, pamoja na kurasa zote za mitandao alizozifungua. Ukimruhusu mtu azalishe kwa alama yako, mkataba uwe wa maandishi, ueleze kiwango cha ubora na haki yako ya kukagua, na usajiliwe BRELA. Ruhusa ya mdomo ndiyo inayogeuka kuwa "tulikuwa washirika" mbele ya hakimu.

Soma jarida la alama

Msajili huzuia alama anazoziona zinagongana, lakini si kila kitu kitaonekana kwake kama unavyokiona wewe unayeijua biashara. Mtu akiomba Zamaradi kwa unga, siku zako 60 zinaanza kuhesabiwa tangu tangazo, uwe umelisoma au hujalisoma. Panga siku moja kila mwezi ya kupitia matangazo ya madaraja yako, au mlipe wakili akufuatilie.

Pingamizi huwekwa kwa maandishi kwa Msajili, likieleza sababu. Mwombaji hujibu, kisha kila upande hutoa ushahidi wake kwa kiapo. Ni njia ya gharama ndogo ukilinganisha na kesi ya kufuta alama iliyokwisha sajiliwa. Na kama alama hiyo imeshapata cheti, bado unaweza kuomba iondolewe kwenye daftari, ila sasa mzigo wa kuthibitisha ni wako na mwenzako ana cheti mkononi.

Ukikuta imeigwa, kusanya ushahidi kimya kimya

Hasira ni ya haki, lakini kwa siku chache za kwanza usimwambie mtu. Ukimpigia simu muuzaji na kumfokea, mzigo utahamishwa jioni hiyo hiyo.

Nunua bidhaa ile kama mteja wa kawaida, au mtume mtu asiyejulikana dukani pale. Dai risiti ya EFD. Nunua zaidi ya moja, na nyingine zikae bila kufunguliwa. Mliokwenda kununua andikeni siku hiyo hiyo: duka gani, mtaa gani, saa ngapi, nani alihudumia, bei gani, alisema anaipata wapi. Piga picha rafu na kibao cha duka. Funga sampuli kwenye mfuko, saini juu ya gundi, weka mahali pamoja na usiiguse tena. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye duka la pili na la tatu, kwa sababu unachokitafuta ni chanzo. Muuzaji wa rejareja huenda hajui chochote, na ukimshtaki yeye peke yake, kiwanda kitaendelea kusaga.

Kwa ushahidi wa mtandaoni, picha ya skrini ionyeshe anwani kamili ya ukurasa, jina la akaunti, tarehe na bei. Rekodi video ya skrini ukipitia ukurasa kuanzia mwanzo. Tunza kifaa ulichotumia na faili la asili, usiliandikie wala kulikata, kwa sababu chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama hupima jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuipa uzito.

Andaa pia jedwali la tofauti: yako ina mshono wa namna gani, tarehe imechapwa wapi, namba ya toleo ikoje, rangi ya nyuma, uzito halisi. Maafisa wanaokwenda ghalani hawazijui bidhaa zako, jedwali hilo ndilo macho yao. Kama bidhaa ni ya kula au ya kupaka, peleka sampuli moja ipimwe. Unga usiojulikana ukiwa ndani ya mfuko wenye jina lako ni hatari kwa mtoto wa mtu, na TBS wana wajibu wao hapo, mbali na madai yako ya alama.

Mwisho, vuta pamoja ushahidi wako mwenyewe: cheti, ankara za kwanza, mikataba na maduka, matangazo yenye tarehe, taarifa za mauzo. Utahitaji kuonyesha kushuka kwa mauzo ukitaka fidia.

Chagua njia kulingana na aina ya uigaji

Mambo mawili huchanganywa. Kuna bidhaa bandia, yaani mtu amechapa Zumaridi ile ile ili mteja adhani ni yako. Na kuna jina linalokaribiana, yaani mfanyabiashara mwenye anwani na leseni anayeuza Zamaradi kwa mfuko wake mwenyewe. Njia zake hazifanani.

Kwa bidhaa bandia, mlango wa haraka ni Tume ya Ushindani, FCC. Chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, Sura ya 85, Mkurugenzi Mkuu wa Tume hiyo ndiye Mkaguzi Mkuu wa alama za bidhaa, na wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia, kukagua na kukamata mzigo. Peleka malalamiko ya maandishi pamoja na nakala ya cheti, sampuli halisi na bandia, jedwali la tofauti na maeneo uliyoyabaini. Jiandae kushiriki kwenye ukaguzi ili kuwathibitishia mzigo upi si wako, na jiandae kwa gharama za kufuatilia. Mzigo ukithibitika kuwa bandia huteketezwa. Kumbuka kwamba njia hii inasafisha soko, lakini fidia ya hasara yako utaidai mahakamani.

Kama mzigo unatoka nje, wahusishe na watu wa forodha wa TRA. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziweka bidhaa bandia kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kuingizwa. Taarifa zenye msaada kwao ni za kufuatilika: nchi inakotoka, jina la mwagizaji, bandari au mpaka, aina ya vifungashio. "Kuna feki zinaingia" haiwasaidii.

Kwa jina linalokaribiana, anza na barua. Iandikwe na wakili, iwe fupi na isiyo na matusi: alama yako, namba ya usajili, daraja, anachokifanya, unachokitaka, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Taka mambo yanayopimika: aache kutumia jina, akabidhi au aharibu vifungashio vilivyobaki, ataje mauzo yake, asaini ahadi ya maandishi. Wengine waliiga kwa kutojua na watakubali. Ukimpa muda wa kumaliza mifuko aliyochapa, uwe mfupi, wenye idadi na tarehe, na uandikwe. Ruhusa isiyo na mwisho inakuja kusomwa kama ridhaa.

Akikaidi, kesi ya kuingilia alama iliyosajiliwa hufunguliwa Mahakama Kuu. Divisheni yake ya Biashara imekuwa ikisikiliza migogoro ya namna hii. Ombi la kwanza kufikiria ni zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mpaka kesi iishe, kwa sababu kesi yenyewe inaweza kuchukua muda mrefu na jina likachakaa ukiwa unasubiri. Mahakama itaangalia kama kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa, kama hasara yako haiwezi kufidiwa kwa pesa baadaye, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Ukikaa mwaka mzima ukiangalia ndipo ukakimbilia zuio, utaulizwa haraka imetoka wapi. Baada ya hukumu unaweza kupata amri ya kudumu, fidia au hesabu ya faida aliyoipata, na uharibifu wa bidhaa.

Usichukue mzigo wa mtu kwa nguvu. Usimtangaze kwa jina mtandaoni kuwa ni mwizi kabla hujathibitisha, maana atafungua kesi ya kashfa na utaanza kujitetea wewe. Ukitaka kuwatahadharisha wateja, waonyeshe jinsi ya kuitambua bidhaa halisi, inatosha.

Kama huna cheti

Huwezi kudai kuingiliwa kwa alama isiyosajiliwa, lakini sheria haimruhusu mtu kuuza bidhaa zake kwa kujifanya ni zako. Utatakiwa kuthibitisha kwamba jina lilikuwa limeshajulikana kwa wateja kabla yake, kwamba anachokifanya kinawapotosha, na kwamba umepata au utapata hasara. Ni mzigo mzito wa mashahidi na ankara, ambao mwenye cheti habebi. Peleka ombi la usajili mara moja huku ukikusanya ushahidi wa matumizi ya zamani. Kama mwigaji ameomba kabla yako, kimbilia pingamizi.

Mitandaoni

Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zote zina fomu ya kulalamikia alama ya biashara, tofauti na kile kitufe cha kuripoti ukurasa. Fomu itakuuliza namba ya usajili, nchi, na daraja. Jaza jina la mmiliki kama lilivyo kwenye cheti, ambatisha cheti, na orodhesha viungo vya machapisho kimoja kimoja badala ya kutaja akaunti kwa ujumla. Kwenye WhatsApp, ambako biashara kubwa ya mitaani hufanyika sasa, tunza mazungumzo ya ununuzi na namba iliyopokea malipo. Chukua mapema majina ya akaunti kwenye kila mtandao hata kama hutaitumia leo, pamoja na anwani ya .co.tz na .com. Aliyeshika anwani ya .com yenye jina lako kwa nia mbaya anaweza kushtakiwa kwa utaratibu wa usuluhishi wa kimataifa unaosimamiwa na WIPO, Shirika la Mali Bunifu Duniani, lakini kununua anwani mapema ni nafuu mno.

Alama haivuki bahari wala mpaka

Cheti cha BRELA kinalinda Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili wa biashara na mali, BPRA, na ombi lake ni la peke yake. Mwenye hoteli ya Bara anayefungua tawi Nungwi bila kusajili huko anaanza upya.

Nchi jirani zina ofisi zao za usajili: Kenya utaomba KIPI, Uganda URSB, Rwanda RDB. Kenya na Rwanda zimo kwenye mfumo wa Madrid, ambao mtu hutumia kuomba nchi nyingi kwa ombi moja. Tanzania haimo, kwa hiyo Mtanzania huomba nchi kwa nchi. Kuna pia Itifaki ya Banjul, mkataba wa alama za biashara wa ARIPO, shirika la mali bunifu la kanda ya Afrika, ambayo Tanzania ni mwanachama, lakini kwa kuwa sheria ya Bara haijaiingiza itifaki hiyo, mawakili wengi hushauri usiitegemee peke yake kwa ulinzi wa hapa. Nawaunga mkono. Ukiomba nchi nyingine ndani ya miezi 6 tangu ombi lako la kwanza, Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda mali za viwanda, hukuruhusu kudai tarehe ya lile la kwanza. Muda huo ni mfupi, uwe na orodha ya nchi mkononi mapema.

Kama mifuko au bidhaa zako zinatengenezwa Guangzhou au Yiwu, sajili na China. Huko anayetangulia kuomba ndiye mwenye haki, na mtu akiisajili alama yako anaweza kuisajili tena kwa forodha ya China, ambayo hukagua hata mizigo inayotoka nchini. Kontena lako mwenyewe likazuiwa bandarini. Upande wa pili, ukiwa wewe ndiye umesajili, forodha ile ile inakuwa mlinzi wako.

Yapo mafunzo ya karibu nasi. Disney iliomba mwaka 1994 na kusajiliwa mwaka 2003 kuwa mmiliki wa "Hakuna Matata" kwa fulana nchini Marekani. Watu wengi walipolijua mwaka 2018 walikasirika, na wana sababu, maana ni maneno ya watu wote. Kisheria usajili ule unahusu fulana na Marekani, haumzuii mtu kuyasema wala kuyachapa Mombasa. Ila mshonaji wa Zanzibar anayetaka kuuza fulana zake kule anakutana nao mlangoni. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy", yaani kikoi, vazi la pwani yetu. Wazalishaji wa Kenya na watetezi wa biashara ya haki walipeleka pingamizi, na ombi halikufanikiwa. Walishinda kwa sababu walilifuatilia tangazo na kujibu kwa wakati.

Tunza kilichosajiliwa

Tanzania Bara usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo, Uganda ni 7 kisha 10. Andika tarehe hizo mahali ambapo mtu mwingine zaidi yako ataziona, na uanze maandalizi miezi sita kabla.

Itumie alama kama ilivyosajiliwa. Alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa, kwa hiyo tunza ankara na picha za bidhaa sokoni kila mwaka, kwa kila daraja. Ukihama ofisi, ukibadili jina la kampuni au barua pepe, rekebisha taarifa BRELA, maana barua ya mtu anayeomba alama yako ifutwe itatumwa kwenye anwani iliyoko kwenye daftari. Ukiuza biashara au kumrithisha mwanao, uhamisho wa alama uandikwe na usajiliwe kwa jina la mmiliki mpya. Asiyeonekana kwenye daftari atapata shida kumshtaki mwigaji, hata kama kiwanda chote ni chake.